Paka mwenye njaa hawindi, anaiba

Juzi usiku uliingia ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Dodoma. Nauweka hapa kwa ruhusa yake:

"Kaka habari za leo. Nina paka dume, ana miaka miwili, anakula ugali na dagaa asubuhi na jioni. Panya wamejaa darini, usiku wanakimbizana utadhani wana mechi. Yeye amelala kwenye kochi. Mama mkwe anasema nimemlemaza kwa shibe, nimnyime chakula mpaka ashike adabu. Nifanyeje?"

Jibu lake ni fupi: usimnyime. Nikaliandika, nikalifuta. Ukimpa mtu jibu la neno moja, mama mkwe anashinda. Halafu kuna jingine. Mimi nilimnyima. Nilimnyima paka wangu chakula wiki mbili na nusu nikiwa na akili zangu timamu, na aibu yake sijaimaliza.

Ilikuwa 2019, hapa hapa Kihonda, Morogoro. Mwaka ule Mungu alinijalia, nikatoa gunia 14 za mahindi shambani Kilosa. Chumba cha uani nikakigeuza stoo. Msimu wa nyuma yake dumuzi, wale wadudu wa mahindi, walinila vibaya, kwa hiyo safari hii nikajitutumua nikanunua mifuko ya kinga njaa, ile inayofungwa tabaka kwa tabaka hewa isipite. Dumuzi wanakufa humo ndani kwa kukosa hewa, hilo ni kweli kabisa. Ila mfuko ule panya haumhusu. Panya anautoboa usiku mmoja, hewa inaingia, na fedha yako yote ya mfuko imekwenda. Mimi hilo sikuambiwa dukani. Nililigundua siku nilipokanyaga mahindi yamemwagika mlangoni.

Paka wangu enzi hizo aliitwa Kamanda. Dume la rangi ya mchanga lenye mistari, mama yake paka shume wa nyuma ya bucha. Nasema bila kuona haya: sijawahi kuona mwindaji kama yule. Akianza kumvizia panya, hukai ukasubiri naye, utachoka wewe. Anajikunja mbele ya tundu, masikio mbele, sharubu zimetangulia, hatikisiki kitu isipokuwa ncha ya mkia. Saa nzima. Ukipita na sinia la chai anakupuuza. Kisha unasikia kishindo kimoja, na ukigeuka anatembea kwa maringo kuelekea mlango wa chumba changu, kitu kinaning'inia mdomoni. Kazi kubwa aliifanya magharibi na alfajiri, nyakati ambazo panya nao wanatoka. Mchana alijifurahisha tu: mijusi kafiri ukutani, panzi, shomoro aliyezubaa. Mke wangu alichukia zaidi mikia ya mijusi, ile inayoendelea kucheza sakafuni mwenyewe keshakimbia.

Alikuwa na mipaka yake lakini. Usiku mmoja alikutana na panya buku karibu na choo cha nje, mnyama wa zaidi ya kilo moja. Wakatazamana. Kamanda akaanza kujilamba mguu kama mtu aliyekumbuka ana shughuli nyingine, akaondoka zake. Sikumlaumu. Panya buku hapa Morogoro tunawaheshimu, hao ndio shirika la APOPO linaowafundisha pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Magawa, aliyepewa medali ya dhahabu 2020 kwa kazi yake ya mabomu kule Kambodia, alikuwa panya wa jamii hiyo hiyo.

Sasa ujinga wangu. Mahindi yanaliwa, Kamanda analeta panya mmoja, wawili kwa wiki, mimi naona hatoshi. Mzee mmoja kijiweni akanipa fomula ile ile ya mama mkwe wako, dada: paka akishiba ni mto wa kochi. Nikaona ni busara ya wahenga. Nikakata dagaa, nikakata vichwa vya samaki, nikabakiza maji.

Siku tatu za kwanza alilia mlangoni. Siku ya nne alinyamaza, nikamwambia mke wangu, umeona, ameelewa somo. Ameelewa kweli. Jioni ile sufuria ya samaki wetu ilikutwa imefunuliwa. Kesho yake jirani akaanza kupungukiwa na vifaranga.

Ukifikiri kidogo inaeleweka, tatizo sikufikiri. Kumvizia panya ni kazi ya subira, na hana uhakika wa kupata. Mwenye njaa kali hakai mbele ya tundu saa nzima, anatafuta kilicho karibu na kisichouma. Kifaranga hana meno. Samaki wa kukaanga hakimbii. Tamaa ya kuwinda na njaa ni vitu viwili tofauti ndani ya paka. Ndiyo maana anaweza kuacha sahani imejaa akamfuata panya, na akishamuua asimle.

Yule mama jirani alinivumilia mpaka vifaranga sita. Siku ya saba akasimama getini kwangu na kanga yake kiunoni.

"Shikamoo mama," nikamwahi.

"Marahaba. Mwalimu, paka wako amenimalizia vifaranga."

"Una hakika ni yeye, mama? Siku hizi mwewe wamezidi."

"Mwewe anapita chini ya geti?"

Sikuwa na jibu. Akasema mfunge paka wako, ama nitajua la kufanya. Neno hilo, "nitajua la kufanya", lishike. Mimi nililishika miezi kumi.

Badala ya kurudisha dagaa, nikaongeza ujinga juu ya ujinga. Mnawajua wale vijana wanaopita na spika begani, sauti imerekodiwa, inaimba kutwa: dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto. Nikamsimamisha mmoja. Pakiti mbili, mia tano mia tano, haina lebo wala jina la sumu. Nikapanda darini juu ya stoo mwenyewe, nikaipanga vizuri kwenye vifuniko vya ndoo, nikashuka nikijipongeza. Nilijiambia paka hafiki kule. Kweli hakufika.

Siku ya tano nilimkuta Kamanda chini ya karo, amelala ubavu, fizi nyeupe kama karatasi, damu puani. Daktari wa mifugo alikuja kwa bodaboda saa tisa. Akamfungua mdomo, akasema: sumu, na tumechelewa. Alinieleza na mengine, kwamba zipo sumu zinazozuia damu isigande, kwamba dawa yake ni vitamini K lakini inataka iwahi. Mimi masikio yalikuwa yameziba kwenye neno moja. Sumu. Kamanda alikata roho kabla ya magharibi. Nilimzika kwenye mpapai.

Kesho yake nilikwenda kwa jirani nikayasema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mtu mzima, umri wa mama yangu, nikamwita muuaji mbele ya wajukuu zake. Tangu siku hiyo hatukusalimiana. Bintiye aliolewa mwezi wa kumi na mbili, sikutoa hata mchango. Nilipita kwenye maturubai yao nimekaza shingo, kana kwamba mimi ndiye niliyekosewa.

Mwaka uliofuata bati la stoo lilivuja, fundi akapanda darini. Akashuka na ndoo. "Mwalimu, huku juu kuna makaburi." Panya wanne wamekauka, na vile vifuniko vyangu, pakiti zimechanwachanwa. Nikakaa kwenye tofali. Hapo ndipo maneno ya daktari yalinirudia, yote, kama redio iliyopata mawimbi. Sumu ya namna ile haimuui panya papo hapo. Anatembea nayo siku kadhaa, anazidi kulegea, anatoka mchana kweupe akiyumba kama mlevi. Na paka gani, tena mwenye njaa ya wiki mbili na nusu, atamwacha panya mlevi?

Yaani nilimlisha sumu kwa mkono wangu, nikamsingizia mama wa watu.

Kwa hiyo dada yangu wa Dodoma, na wengine wote mnaoniandikia mnataka paka mkali: lisheni paka zenu. Asubuhi na jioni, bila kukosa. Na mlishe chakula cha paka, si cha mbwa. Mbwa atavumilia ugali na mchuzi, paka ni mla nyama kwa maumbile. Mwili wake unahitaji kitu kinaitwa taurini, kipo kwenye nyama na samaki, akikikosa muda mrefu macho na moyo vinaharibika. Punguza ugali kwenye lile bakuli, ongeza dagaa. Maziwa mnayomwagia paka mkubwa mkidhani mnampenda, wengi yanawaharisha. Mpe maji.

La pili, jiulize panya wako wapi na paka yuko wapi. Wewe umesema panya wako darini. Paka wako yuko sebuleni, na dari lako naamini ni jipsamu imezibwa kila pembe. Atapandaje? Panya waliosikia paka chini ya dari wanajua kuwa yuko chini ya dari. Fungua kile kifuniko cha dari usiku, weka ubao apandie. Nami stoo yangu sasa ina tundu la paka chini ya mlango, na usiku simfungii chumbani.

La tatu, umemtoa wapi? Mama paka huwafundisha watoto wake: kwanza analeta panya aliyekufa, baadaye anamleta nusu hai na kuwaachia wamalizane naye. Kitoto kilichonyang'anywa kwa mama kikiwa na wiki nne kinakosa shule hiyo. Wengine hujifundisha wenyewe, lakini ukitaka mwindaji chukua mtoto wa mwindaji, na mwache anyonye na kufundishwa walau wiki nane.

Na usitarajie muujiza. Mwaka 2018 watafiti walitoa matokeo ya kufuatilia paka wa mitaani kwenye kituo kimoja cha taka pale Brooklyn, New York, panya tele. Siku 79, kamera zinarekodi, na panya waliouawa walikuwa wawili. Wawili! Panya mkubwa anauma, paka anamkwepa kama Kamanda alivyomkwepa buku. Walichobadilisha paka ni kwamba panya walijificha zaidi. Kazi ya paka iko kwa wadogo, kabla hawajakua, maana panya wa nyumbani hubeba mimba wiki tatu tu. Ya kuwafukuza wakubwa ni yako: mahindi yangu siku hizi yako kwenye mapipa ya bati yenye kifuniko, makombo hayalali jikoni, na matawi ya mwembe yaliyokuwa yanagusa paa nimeyakata. Watu hawapendi kusikia hili. Wanataka paka afanye usafi ambao wao wameshindwa.

Sumu, sina haja ya kurudia. Nyumba yenye paka haina sumu. Narudia hata hivyo. Nyumba yenye paka haina sumu, na nyumba ya jirani yake pia haifai kuwa nayo, kwa hiyo zungumzeni. Tumia mtego. Na panya aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu, vaa mfuko. Mama yangu ni wa Lushoto, ameiona tauni ilivyoingia kule 1980 na kurudi tena na tena. Hamgusi panya mpaka leo hata kwa fimbo. Paka anayekula panya anapata tegu, mpe dawa ya minyoo, mpeleke na chanjo ya kichaa cha mbwa. Akiugua usimpe Panadol, kwake ni sumu nayo.

Kuna mwingine aliniuliza kinyume chake, paka wake anamaliza ndege bustanini. Akauliza: nimfunge kengele, kaka? Swali la nani atamfunga paka kengele lina jibu, mimi nilimfunga, na chiriku waliendelea kuletwa. Baadaye nikasoma utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, wa 2021: kengele haikuonyesha tofauti ya maana. Kilichosaidia ni chakula chenye nyama nyingi, mawindo yaliyoletwa nyumbani yakapungua kwa asilimia 36, na kucheza na paka dakika 5 hadi 10 kila siku, yakapungua kwa asilimia 25. Funga manyoya ya kuku kwenye uzi, mkimbize nayo kabla ya jua kuzama. Mtaani watakucheka, mimi wamenicheka na nimezoea.

Sasa nina Subira, jike, miaka minne. Anakula akashiba, analala kwenye kochi kama paka wa huyu dada, na saa kumi na moja alfajiri anagonga dirisha na zawadi yake. Mwezi uliopita alizaa watoto wanne uvunguni mwa kitanda.

Juma lililopita geti liligongwa. Ni yule mama. Tulianza kusalimiana tena msiba wa 2022, salamu tu, haivuki hapo. Akasema panya wanamlia mayai, na amesikia nina vitoto. Nikamchagulia jike, yule anayewatoa wenzake kwenye nyonyo, nikasema amchukue wiki ya nane ikitimia. Nikamfungia na kilo ya dagaa wa Mwanza ya kuanzia.

"Hizi zote za nini, mwalimu?"

"Za paka, mama. Asije akala vifaranga."

Akacheka. Nami nikacheka, na ya darini sikuyasema. Mdomo ulifunguka, ukafunga. Mjukuu wake wa kidato cha tatu huwa anasoma makala zangu, ananiambia kila tukikutana dukani. Basi mjukuu, ukifika hapa, msomee bibi. Kesho jioni nitakuwa nyumbani.