Sasisho Likigoma, Soma Namba Kabla ya Kufuta Chochote

Kazi yangu ni kuhudumia kompyuta za ofisi ndogo Malaba, Busia na Tororo, karibu na mpaka wa Uganda na Kenya: mawakala wa forodha, SACCO, shule, zahanati. Simu ninayopigiwa mara nyingi ni ya "fundi, kompyuta imekataa apdeti." Nikifika nakuta watu wameshahangaika. Mmoja ameizima kwa swichi ya ukutani, mwingine amefuta mafolda asiyoyajua, na bosi anauliza kama haifai kufomatiwa tu. Wenzangu mnaoshika kompyuta za ofisi, ombi langu ni moja: msiguse kitu kabla ya kusoma namba ya hitilafu.

Fungua Settings, ingia Windows Update, kisha "Update history". Pembeni ya sasisho lililoshindwa utaona namba inayoanza na 0x8. Ipige picha kwa simu. Namba hiyo inakueleza kama tatizo ni diski, intaneti, saa ya kompyuta au mafaili ya Windows yenyewe, na kila moja ina dawa yake. Ukianza kutibu bila kuisoma, unaweza kuharibu kilichokuwa kizima.

Ukikuta 0x80070070, diski imejaa. Sasisho kubwa la mwaka linataka nafasi tupu ya takriban GB 20, na laptopu nyingi za mtumba zinazofika kwetu zina diski ya GB 128. Kwa mawakala wa forodha kinachojaza diski ni skani: ankara, vyeti vya asili, orodha za mizigo, zote zimelala kwenye Downloads tangu mwaka juzi, na nyingine zimeingia mara ya pili kupitia WhatsApp. Hamishia skani kwenye diski ya nje, halafu tumia Disk Cleanup uondoe mabaki ya masasisho ya zamani. Ndani ya C:\Windows usifute kitu kwa mkono wako. Folda ya WinSxS inaonekana kubwa na inatamanisha kufutwa, lakini ukiigusa umejiharibia njia ya kupokea masasisho yajayo.

Namba 0x800f0922 nakutana nayo sana, na kwa Uganda ina historia yake. Inaweza kumaanisha kwamba sehemu ndogo ya diski inayotunza mafaili ya kuwashia kompyuta imebanwa, au kwamba kompyuta haiwezi kuzifikia seva za masasisho. Kitu kimoja kinachozuia njia hiyo ni VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mbali. Watu wengi walianza kuweka VPN Julai 2018, ili kukwepa kodi mpya ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku. Kodi ile iliondolewa 2021, ikaja ya asilimia 12 juu ya data, lakini serikali ilikuwa imeifunga Facebook Januari mwaka huohuo, kwa hiyo VPN zikabaki. Leo unakuta kompyuta ya mapokezi ina VPN ya bure inayojiwasha yenyewe kila asubuhi, na hakuna anayekumbuka nani aliiweka. Izime, jaribu sasisho tena. Na kama ofisi haiihitaji kwa kazi, iondoe, maana VPN ya bure usiyoijua mwenyewe si mahali pa kupitishia taarifa za wateja.

Kuna hali nyingine ya intaneti isiyotoa namba yoyote: sasisho halishuki tu. Mara nyingi mtu aliambia Windows kwamba mtandao huu ni "metered", yaani wa kulipia kwa kipimo, ili bando lisiliwe. Nawaelewa, data ni ghali. Lakini kompyuta iliyowekwa hivyo haipakui masasisho mengi, na inaweza kukaa miezi bila kinga. Njia nzuri ni kuruhusu kompyuta moja ipakue, halafu nyingine zichukue vipande kwake kupitia mtandao wa ndani. Windows ina sehemu iitwayo Delivery Optimization. Iwashe, chagua vifaa vya mtandao wako wa ndani peke yake. Kwa ofisi yenye kompyuta kadhaa, bando linapumua. Na kama intaneti ni dhaifu mno, pakua faili la sasisho mjini kutoka Microsoft Update Catalog, ulilete kwa flashi.

Saa ya kompyuta watu wanaidharau. Betri ndogo ya duara kwenye bodi, CR2032, ikifa, kila umeme ukikatika tarehe inarudi miaka ya nyuma. Kompyuta inayoamini tuko mwaka mwingine haikubali vyeti vya usalama vya seva, kwa hiyo sasisho linakataa, mara nyingi kwa namba 0x80072f8f. Dalili nyingine ni kwamba hata tovuti ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, inakataa kufunguka na kivinjari kinalalamika kuhusu usalama. Badilisha betri, rekebisha tarehe, basi.

Sasa umeme. Umeme ukikatika katikati ya kusakinisha, usiogope mapema. Ukirudi, washa kompyuta na uiache. Mara nyingi Windows huona kazi haikukamilika, huifuta na kurudi ilipokuwa. Hilo linaweza kuchukua muda mrefu kwenye diski za zamani zinazozunguka, na hapo ndipo watu hukosea: wanaona kioo kimesimama, wanazima tena, wanaongeza jeraha. Kama taa ya diski inawakawaka, kompyuta inafanya kazi. Ikikataa kabisa kuwaka baada ya majaribio kadhaa, italeta yenyewe ukurasa wa ukarabati wa rangi ya bluu, na humo mna njia ya kuondoa sasisho la mwisho bila kupoteza mafaili yako. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, kifaa chenye betri ya kushikilia umeme ukikatika, isisasishwe siku ya mvua na radi.

Namba kama 0x80073712 zinasema mafaili ya Windows yenyewe yameharibika. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi, andika kwanza DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, na ikimaliza, sfc /scannow. Zingatia mfuatano huo, kwa sababu amri ya kwanza inatengeneza ghala ambalo ya pili inachukulia mafaili mazima. Ya kwanza inahitaji intaneti, na inaweza kusimama kwenye asilimia ileile kwa muda mrefu. Iache. Kama bado, simamisha huduma za masasisho kwa net stop wuauserv na net stop bits, ubadilishe jina la folda C:\Windows\SoftwareDistribution, kisha uwashe kompyuta upya. Windows itaunda folda mpya na kupakua upya. Hakikisha una bando la kutosha kabla ya kufanya hivyo.

Wakati mwingine kosa si lako wala la kompyuta. Januari 2024 Microsoft ilitoa sasisho KB5034441, likagoma kwa watu wengi kwa namba 0x80070643, kwa kuwa sehemu ya diski ya ukarabati haikuwa na nafasi ya ziada ya MB 250. Kompyuta zenyewe zilikuwa nzima. Aliyefomati kwa ajili ya hilo alipoteza siku yake bure. Ndiyo maana nasema tafuta namba yako kwenye tovuti ya Microsoft kabla ya kuamua.

Kuna jambo la kalenda ambalo naliona muhimu kuliko amri zote. Microsoft hutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi. Kwetu yanatoka saa mbili au saa tatu usiku. Jumanne ya pili siku zote huangukia kati ya tarehe 8 na 14. Na kwa Uganda tarehe 15 ndiyo mwisho wa kupeleka ritani za VAT na PAYE, na michango ya NSSF. Kwa hiyo kila mwezi sasisho linamkuta mhasibu katika wiki yake ngumu kuliko zote, kompyuta inajiwasha upya, na lawama zinaanza. Mama mhasibu mmoja aliniambia, "Fundi, nizimie hizi apdeti kabisa, zinanisumbua." Nikamjibu, "Mama, nitazisimamisha mpaka tarehe 16, sitazizima."

Windows inakuruhusu kusimamisha masasisho kwa wiki kadhaa, kisha yanarudi yenyewe. Kuzima moja kwa moja ni hatari. Kinga dhidi ya WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia, ilitoka Machi 14, 2017. Shambulio likaja Mei 12, na kompyuta nyingi duniani zilinaswa kwa sababu hazikuwa zimeipokea. Laptopu ya mtumba ikifika ofisini, angalia kama aliyeiuza ameizima huduma ya Windows Update. Nakuta hilo mara kwa mara. Na siku ya kusasisha, anza na kompyuta moja isiyo ya fedha, iangalie siku mbili, ndipo uendelee na nyingine.

Mwisho, kama kompyuta yako ina Windows 10 na masasisho yamekoma, usitafute hitilafu. Microsoft iliacha kuyatoa bure Oktoba 14, 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa zile za Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Ofisi zinaweza kulipia nyongeza ya ulinzi, dola 61 kwa kompyuta mwaka wa kwanza, na bei inaongezeka maradufu kila mwaka unaofuata. Kwa mashine kuukuu naona fedha hiyo ni bora iwekwe akiba ya kununua nyingine. Andika orodha ya kompyuta za ofisi, prosesa ya kila moja na nani anaitumia, umpelekee bosi kabla ya bajeti. Anza na ile inayofungua akaunti ya benki.