Barua kwa mwanangu: jazba ya mtu na kiti cha jaji

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Umenieleza mlivyobishana na wenzako kuhusu kile kikao cha Seneti ya Marekani cha Septemba 27, 2018, Brett Kavanaugh, aliyeteuliwa na Rais Donald Trump wa Republican kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, alipokuwa akijibu tuhuma za Christine Blasey Ford kwamba alimshambulia kingono ujanani, akafoka, akatokwa machozi, akawarudishia maseneta maswali kwa ukali. Ukaniuliza: mtu akituhumiwa jambo zito mbele ya dunia nzima, akapandwa na jazba, hiyo inatosha kumnyima kiti cha Mahakama ya Juu?

Jazba peke yake haitoshi. Siku ile hakukaa pale kama jaji, alikaa kama mtuhumiwa, na tuhuma zote alizikana. Nimekaa miaka mingi mbele ya meza ya jaji nikiandika mwenendo wa kesi, na nimewaona wenye hatia wakijibu kwa upole wa kukutoa machozi, na wasio na hatia wakitukana mpaka wanatolewa nje. Ukelele hauthibitishi kitu, wala ukimya.

Lakini soma alichosema, achana na sauti. Alisema yale yote ni njama ya kisiasa, akautaja mrengo wa kushoto, akataja kisasi kwa niaba ya akina Clinton, vigogo wa chama pinzani cha Democratic. Hapo aliacha kujitetea, akaanza kuwahesabu maadui. Na maadui wenyewe ni watu ambao kesho wataleta kesi ya uchaguzi, naye ndiye atakayeisikiliza. Wahadhiri wa sheria zaidi ya 2,000 walitia saini barua ya kumpinga kwa sababu hiyo. John Paul Stevens, jaji mstaafu wa mahakama hiyohiyo, aliyeteuliwa na rais wa chama cha Republican, naye alisema mtu huyu asithibitishwe. Kavanaugh mwenyewe aliandika gazetini kabla ya kura kwamba huenda alizidiwa na hisia, na kwamba yapo maneno ambayo hakupaswa kuyatamka. Akathibitishwa kwa kura 50 dhidi ya 48.

Wenzako wanaomlaani, waulize kuhusu Ruth Bader Ginsburg. Julai 2016, akiwa jaji tayari wa mahakama hiyohiyo na wala hakuna aliyemtuhumu lolote, alimsema vibaya mgombea Donald Trump mbele ya waandishi wa habari. Baada ya siku chache alikiri kwamba hakutumia busara. Mtu anayemsamehe mmoja na kumsulubu mwingine hapimi hulka, anapima chama.

Umeuliza pia sheria inasema nini. Kwa Marekani, karibu haisemi kitu. Katiba yao haitaji umri, shahada wala uzoefu wa jaji wa mahakama hiyo. Inasema tu atabaki kazini maadamu ana mwenendo mwema, maana yake mpaka afe, astaafu mwenyewe, au Bunge limshtaki na kumwondoa. Chama cha mawakili cha nchi hiyo ndicho kinachowapima wateule kwa mambo matatu: uadilifu, umahiri na hulka ya kijaji. Hayo mawili ya kwanza yana makaratasi. La tatu ndilo linalowashinda.

Chukua James McReynolds. Alikuwa Mwanasheria Mkuu wa nchi nzima kabla ya kupewa ujaji wa mahakama hiyo mwaka 1914. Makaratasi yake hayakuwa na kasoro. Akakaa pale mpaka 1941 bila kuificha chuki yake kwa Louis Brandeis, jaji mwenzake, kwa kuwa alikuwa Myahudi. Na wakili mweusi Charles Hamilton Houston aliposimama kutoa hoja mbele ya mahakama, inasimuliwa kwamba McReynolds aligeuza kiti akampa mgongo. Sasa mtazame Hugo Black, aliyewahi kuwa mwanachama wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi lililowatesa weusi. Aliteuliwa 1937, na mwaka 1954 alikuwa miongoni mwa majaji tisa waliosema kwa sauti moja kwamba kuwatenga watoto weusi mashuleni ni kuvunja katiba. Jaji Mkuu aliyewaleta pamoja, Earl Warren, hakuwahi kuwa jaji popote kabla ya hapo. Alikuwa gavana. Alizungumza na wenzake kwa subira mpaka wa mwisho, Stanley Reed, akakubali kutoandika hukumu ya kupinga.

Subira ya namna hiyo huioni kwenye televisheni. Majaji wale wanapojadili kesi hujifungia wao tisa tu, bila karani wala msaidizi, na mlango ukigongwa anayekwenda kufungua ni jaji mgeni kuliko wote. (Mimi, karani wa zamani, hilo la kumtuma jaji mlangoni linanifurahisha mno.)

Kwa hiyo utamjuaje mtu kabla hajaingia humo ndani? Mimi ninaangalia anavyomtendea asiyeweza kumfanya lolote. Kenya walikutana na jambo hili mapema kuliko walivyotarajia. Katiba yao ya 2010 inadai jaji wa Mahakama ya Juu awe na uzoefu wa miaka 15 na maadili ya hali ya juu, na wanaoomba kazi huhojiwa hadharani. Nancy Baraza alipita kote huko, akawa Naibu Jaji Mkuu. Siku ya mwisho ya mwaka 2011 mlinzi wa kike wa jengo la maduka Nairobi alitaka kumkagua kama anavyowakagua wengine, ukatokea ugomvi, na mlinzi akalalamika kwamba alifinywa pua na kutishiwa bastola. Jopo la uchunguzi lililoongozwa na Augustino Ramadhani, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, lilipendekeza aondolewe. Oktoba 2012 alijiuzulu. Hakuna aliyetilia shaka elimu yake ya sheria. Mlinzi alikuwa anafanya kazi yake tu, na jaji ni mtu wa kwanza anayepaswa kuelewa mtu anayetekeleza kanuni.

Jambo jingine ninaloangalia ni kama mtu anaweza kuamua kinyume na moyo wake. Mwaka 1989 Antonin Scalia, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, alipiga kura upande wa mtu aliyechoma bendera ya Marekani, kitendo alichokichukia waziwazi, kwa sababu aliamini katiba inakilinda. Huyohuyo kalamu yake iliwachoma wenzake, lakini mwaka 1996 alimpa Ginsburg rasimu ya hukumu yake ya kupinga mapema, ili Ginsburg aiboreshe ya kwake. Ukali wake sikuupenda kamwe. Kiti ningempa.

Sasa rudi kwa wenzako na swali la Kavanaugh. Kabla ya 2018 alikuwa jaji wa rufaa kwa miaka 12, na hukumu zake zipo wazi. Zisomeni. Tafuteni kesi ambazo aliowapa haki ni watu ambao chama kilichomteua kisingependa washinde, na mhesabu ni ngapi. Ninyi mna muda wa kubishana, basi na wa kusoma mnao. Niandikie mtakachokipata, hata kama kitanipinga.

Mama yako