Mdalasini Haubanduliwi Ukiwa Umesimama

Juzi msomaji mmoja wa Mbezi ameniandikia kwamba ana mdalasini uani kwake uliofikisha miaka minne, na kwamba mwezi uliopita aliubandua gome la shinani pande zote ili apate kiungo cha pilau. "Dada, majani bado ni ya kijani, ila machipukizi yameanza kusinyaa. Nizidishe maji au niongeze samadi?" Nimeusoma ujumbe huo mara tatu, kwa sababu kosa analolieleza ndilo nililolifanya mimi mwaka 2018, na hadi leo nikipita pale ulipokuwa mti wangu wa kwanza moyo hunisuta.

Mche wa mti ule nilipewa na shangazi yangu wa Muheza mwaka 2014, ukiwa ndani ya kifuko cha nailoni, majani yake machanga yakiwa mekundu kama pilipili mbivu, nikaupakata ndani ya basi hadi Kigamboni. Wengi waliniambia kwamba udongo wetu wa kichanga hautauweza, lakini mdalasini huupenda udongo usiotuamisha maji, mradi upate samadi iliyooza vizuri na umwagiliwe kiangazi. Miaka ikapita, mti ukauzidi ukuta kwa urefu.

Ramadhani ya mwaka 2018 iliangukia masika, na Idd tulikuwa na wageni wengi. Nilichukua kisu cha jikoni, nikalibandua gome kuanzia usawa wa goti hadi kifuani, shina lote kulizunguka. Lilitoka kwa urahisi kama ganda la ndizi, harufu ikaenea nyumba nzima, pilau likasifiwa, nami nikajiona fundi. Mti nao haukuonyesha dalili yoyote kwa miezi kadhaa, na hapo ndipo tunapodanganyika. Maji hupanda kutoka mizizini kupitia kwenye ubao wa ndani, ambao sikuugusa, kwa hiyo majani yaliendelea kung'aa. Lakini chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia kwenye gome, na njia hiyo nilikuwa nimeikata kwa mkono wangu. Mizizi ilikuwa ikifa njaa ardhini huku mti ukipendeza juu. Wakati wa vuli majani yakapukutika, na nilipoukata mwanzoni mwa mwaka 2019 kisiki kilikuwa kikavu hadi chini, hakikuchipua tena.

Shemeji yangu alisema mbele ya watu, kwenye shughuli ya familia, kwamba nina pupa, hata mti sikuusaza. Maneno yale yaliniuma, na bado yananiuma, kwa sababu kati ya waliocheka siku ile hakuna hata mmoja aliyewahi kulea mche kwa miaka minne. Nilimpigia simu shangazi, nikamwamkia, kisha nikashindwa hata kueleza vizuri. Akasema, "Mdalasini hukatwa, mwanangu. Kisiki ndicho mti wako, hayo mashina ni mavuno tu."

Masika ya mwaka 2019 nilipanda miche mingine mitatu, kila mmoja mita 2 kutoka kwa mwenzake. (Wanaoniomba mbegu nawaambia watafute miche, kwa kuwa mbegu ya mdalasini hupoteza uhai upesi ikishakauka.) Mwaka 2022 niliikata yote, nikaacha kisiki cha shubiri moja kutoka ardhini, mkono ukinitetemeka. Baada ya wiki chache visiki vikatoa machipukizi mekundu, nikayaacha manne yaliyonyooka kwenye kila kisiki na kuyaondoa mengine. Tangu hapo nakata kila baada ya miaka miwili, na wiki iliyopita nimepata gramu 400 za mdalasini mkavu, mwembamba, unaovunjika kwa vidole.

Naukata wakati wa mvua, pale majani mekundu yanapogeuka kijani, kwa maana ndipo gome linapoachana na ubao kwa wepesi. Huchagua mashina yenye unene wa kuanzia kidole gumba hadi mpini wa jembe, na kuyabandua siku hiyohiyo, kwani yakilala gome hung'ang'ania. Kwanza naparuza ngozi ya kahawia kwa mgongo wa kisu, kisha nalisugua shina kwa chupa tupu ya soda, nikikandamiza, hadi gome lilegee. Baada ya hapo nachana mistari miwili ya urefu, upande huu na ule, naingiza ncha ya kisu na kuliinua taratibu. Vipande vyembamba navilaza ndani ya vipana, navianika kivulini juu ya ungo, na kufikia siku ya pili au ya tatu huwa vimeanza kujikunja vyenyewe.

Ndugu zangu, tusiwe na haraka. Aliye na hamu ya kuonja mapema na achume majani kadhaa yaliyokomaa atie kwenye chai au pilau. Yana harufu nzuri na kuyachuma hakuudhuru mti. Gome la mti uliosimama tuliache. Kalenda ya mti haifuati sikukuu zetu, na mimi nimelipia somo hilo kwa miaka minne.

Kwa ndugu yangu wa Mbezi: si maji wala samadi vitakavyouokoa mti huo. Leo hii paruza kidogo gome lililo chini ya jeraha. Ukiona rangi ya kijani, mizizi ingali hai. Ukate wiki hii hii chini ya jeraha, mkato uwe wa mshazari ili maji ya mvua yasituame juu ya kisiki, kisha utandaze majani makavu kuzunguka shina. Matawi ya juu usiyatupe. Yabandue siku hiyohiyo, kabla gome halijashika.