Re: Gari gani la zamani ni zuri kuliko yote?

Mkuu, umeuliza kama kuna gari la zamani linaloipita Jaguar E-Type ya 1961 kwa uzuri. Kwangu lipo: Citroën DS, iliyozinduliwa Paris Oktoba 1955.

E-Type siibezi hata kidogo. Ile boneti ndefu aliyoichora Malcolm Sayer inanisimamisha mpaka leo. Lakini ni gari la spoti la watu wawili, na gari la namna hiyo ni rahisi kulipendezesha. DS ni gari la familia, milango minne, baba, mama na watoto nyuma, na bado limetoka vile!

Itazame ubavuni. Pua imelala chini, paa linateremka taratibu kwenda nyuma, tairi la nyuma limefunikwa nusu na bodi. Indiketa za nyuma wamezipandisha juu kabisa, kwenye kona za paa. Ndani, usukani una mkono mmoja tu. Mchoraji wake, Flaminio Bertoni, alikuwa pia mchongaji wa sanamu, na inaonekana. Halafu haina springi za chuma, bodi inabebwa na mafuta ya haidroli na gesi iliyobanwa: ukiizima kwa muda inalala chini, ukiiwasha inanyanyuka polepole kama ngamia anayeamshwa.

Ya pili naiweka Peugeot 404, iliyochorwa na Pininfarina, kampuni ya Italia ya kuchora magari. Bert Shankland wa Tanzania alishinda nayo Safari Rally 1966 na 1967, na hata ikiwa imejaa tope ilipendeza. E-Type kwangu ni ya tatu.