Bara brith: mkate wa zabibu usiotaka papara

Mtu wa Tanga akisikia "bara" anajua panasemwa huko juu, mbali na bahari. Kwa hiyo nilipofika Bangor, kaskazini mwa Wales, na mwenye nyumba wangu akaniambia Jumamosi tutatengeneza bara, niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kumbe kwa Kiwelisi bara ni mkate, na brith ni madoadoa. Mkate wa madoadoa, madoa yenyewe yakiwa ni zabibu kavu zilizolala usiku kucha ndani ya chai.

Mwenye nyumba huyo alikuwa bibi wa miaka 78, Kiwelisi ndiyo lugha aliyonyonya nayo. Kiingereza alikijua vizuri sana, ila akishika mwiko alikiweka kando. Wajukuu zake walimwita Nain, ndivyo bibi anavyoitwa kaskazini (kusini wanasema mam-gu), na baada ya miezi michache na mimi nikawa namwita hivyo hivyo. Nilikaa kwake miaka miwili nikisoma. Digrii yenyewe naitumia kidogo kuliko ninavyoutumia mkate huu.

Kabla ya vipimo, jambo moja: hii si keki. Watu wengi niliowafundisha wanaharibu hapo. Wakiona zabibu, sukari na yai, mkono unakwenda wenyewe kutafuta siagi na mashine ya kupigia. Humu ndani hakuna siagi wala mafuta. Unyevu karibu wote unatoka kwenye chai, na zabibu ndizo zinazoubeba. Ukizitia zikiwa kavu, zitanyonya maji ya unga wenyewe, nawe utatoa tofali. Ndiyo maana kazi kubwa ya mkate huu inafanyika wakati wewe umelala.

Basi vipimo, vya trei moja ya mkate, ile ndefu ya gramu 900. Gramu 350 za zabibu kavu, ukichanganya nyeusi, za dhahabu na zile ndogo ndogo ni bora zaidi. Gramu 200 za sukari ya kahawia, ile nyeusi yenye unyevu na harufu ya molasi kama ukiipata. Mililita 300 za chai. Gramu 275 za unga wa ngano uliochanganywa na baking powder kiwandani. Ukiwa na unga wa kawaida, tia vijiko 3 vya chai vya baking powder, chekecha pamoja mara mbili. Yai 1. Kijiko 1 cha chai cha viungo: mdalasini uwe mwingi, kungumanga kidogo, karafuu punje tu maana karafuu ikizidi unapika dawa ya meno.

Chai iwe ya rangi, kali, bila maziwa. Nasema hivi kwa aibu. Jumamosi ile Nain aliniomba nitengeneze chai ya zabibu, na kwa kuwa nilishamzoea na paned yake, kikombe cha chai cha kila saa, nikatia maziwa kama anavyokunywa siku zote, nikamimina kwenye bakuli. Alilitazama bakuli, akanitazama mimi, akasema zabibu hizo zitakuwa zangu, nizile asubuhi na uji wa oti. Nilizila siku tatu.

Mifuko 3 ya majani ndani ya maji yaliyotokota, iache dakika 5, ikamue. Usihangaike na majani ya kifahari. Chai nyingi inayonywewa Uingereza ina majani ya Kenya ndani yake, kwa hiyo ile ya dukani kwenu inatosha kabisa. Ikiwa bado ya moto, mimina juu ya zabibu na sukari kwenye bakuli kubwa, koroga hadi sukari iyeyuke, funika kwa sahani, nenda ukalale. Wapo wanaosema saa 2 zinatosha. Nimejaribu. Zabibu inalainika nje, katikati inabaki na ule ukakasi wa kutafuna. Asubuhi mambo ni mengine: zimejaa, ngozi imekuwa nyororo, na ukiibonyeza moja kwa vidole inatema chai. Chini ya bakuli kumebaki maji mazito kidogo kama sharubati. Usiyamwage! Hayo ndiyo maji ya kukandia, ingawa hapa hakuna kukanda.

Vunja yai, lipige kidogo, litie kwenye bakuli. Hakikisha chai imepoa kabisa. Niliwahi kufanya haraka, chai ikiwa bado ya moto, nikapata nyuzi nyeupe za yai lililoiva zikielea kati ya zabibu. Kisha tia unga na viungo, koroga kwa mwiko hadi usione unga mweupe, basi. Hapo simama. Kila unapoendelea kukoroga ngano inakaza, na mkate utatafunika kama chapati ya jana. Rojo lake ni zito kuliko la keki; ukiinua mwiko linaning'inia, linasitasita, halafu linaanguka kwa pande.

Paka trei siagi, tandika karatasi ya kuokea, mimina, sawazisha. Sasa chukua kijiko kilicholoweshwa maji, upite juu ukizididimiza zabibu zote zilizochomoza kichwa. Nain alifanya hivi huku akiongea na redio, nami nilidhani ni mapambo tu. La hasha. Zabibu iliyobaki juu inavimba kama puto, inaungua, inakuwa chungu, na uchungu wake unaenea kipande kizima.

Moto ndio uliniangusha zaidi. Mimi nilikuwa mtu wa digrii 180, kila kitu 180. Mkate wangu wa kwanza wa peke yangu ulitoka na paa jeusi na tumbo bichi. Huu unataka digrii 150, na kama oveni yako ina feni shusha hadi 130. Saa 1 na nusu, pengine na robo zaidi. Ikifika saa 1 uchungulie, ukiona juu kumeshakuwa kahawia iliyokolea, funika kwa foil. Kabla ya hapo usifungue mlango. Kupima, choma kwa kijiti cha mshikaki katikati, lakini soma kijiti vizuri: kikitoka na utelezi wa kahawia unaonata, hapo umepita kwenye zabibu, choma pengine. Kikitoka na rojo la unga, rudisha dakika 10.

Ukitoka, harufu itakutesa. Nyumba nzima inanukia mdalasini na sukari iliyoanza kuungua pembeni, nawe una kisu mkononi na siagi iko mezani. Mimi nilikata. Kipande kilivunjika pande tatu kabla hakijafika kwenye sahani, na kwenye kisu kukabaki utando kama wa ugali. Nain alikuja, hakunigombeza, alinyang'anya kisu tu, akaufunga mkate kwa karatasi, akauzungushia foil, akautia kwenye kopo la biskuti na kulipandisha juu ya kabati. "Jumatatu," akasema. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Katika siku hizo 2 unyevu wa zabibu unasambaa kwenye mkate wote, ganda la juu lililokuwa gumu linalainika na kuanza kunata, na kisu kinapita bila kubomoa. Ladha nayo inageuka. Siku ya kwanza unaonja sukari. Siku ya tatu unaonja chai. Sijui namna nyingine ya kulieleza hili, ila oka mkate mmoja, uibe kipande siku ya kwanza, kisha ulinganishe.

Kata vyembamba, siagi iwe nene. Siagi ya chumvi, tafadhali. Wawelisi siagi yao ina chumvi ya kutosha, na ni hiyo inayoutoa utamu wa mkate kwenye kuchosha. Wapo wanaopaka asali juu ukiwa bado moto ili ung'ae, wapo wanaotia kijiko cha jemu ya machungwa ndani. Sina ugomvi na jemu. Wa kuweka krimu na mapambo juu ndio sielewani nao.

Niseme pia kwamba mkate huu wa chai na baking powder si wa zamani sana. Mama yake Nain alitumia hamira. Siku ya kuoka mikate ya wiki, kipande cha kinyunga kilichobaki kilitiwa konzi ya zabibu, sukari na mafuta ya nguruwe, kikaingia oveni mwishoni moto ukishapungua. Unga uliochanganywa tayari ulianza na mwokaji wa Bristol, Henry Jones, aliyepata hataza yake mwaka 1845, na taratibu ukawarahisishia watu wasiokuwa na siku nzima ya kungoja kinyunga kiumuke. Nain aliuheshimu wa hamira, lakini sikuwahi kumwona akiuoka. "Mikono yangu imestaafu," alisema. Ndugu wa karibu wa mkate huu yuko Ireland, ule wanaotia pete ndani mwishoni mwa Oktoba. Na ng'ambo kabisa, Patagonia ya Argentina, wajukuu wa Wawelisi walioshuka na meli ya Mimosa mwaka 1865 wana keki yao nyeusi ya matunda, inayouzwa na chai kwenye nyumba za chai za mji wa Gaiman. Ile ndiyo keki kweli, ina siagi.

Nilipokwenda nyumbani likizo nilitaka kumwokea mama. Oveni hatuna. Nilifanya anavyofanya yeye na keki zake: sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, trei ndani, mfuniko, mkaa wa kupalia juu. Tatizo ni kwamba keki yake inaiva kwa dakika 40, na moto wake umezoea hivyo. Bara brith inataka moto mdogo wa muda mrefu. Chini niliacha makaa machache tu, juu nikapalia kidogo kidogo, nikiongeza vipande viwili vitatu kila baada ya nusu saa, nimekaa kwenye kigoda kama mlinzi. Ilichukua saa 2. Pembe moja iliungua. Sukari nyeusi nilikosa, nikatumia sukari guru iliyopondwa, na kusema kweli ilikuwa tamu kuliko ya Bangor, ina ule moshi wake. Robo ya zabibu niliibadilisha na tende zilizokatwakatwa, hilo silirudii. Tende ziliyeyuka zikawa tope na mkate ukawa mzito. Majani ya chai yalikuwa ya Usambara.

Nilimwambia mama tusubiri hadi kesho kutwa. Alinitazama kama niliyerogwa huko Ulaya. Usiku nilisikia foil ikichakacha jikoni.

"Mwanangu," aliniambia asubuhi, "hii ni keki iliyosahauliwa siagi."

Nikamwambia asubiri. Siku ya tatu nilimkatia vipande viwili vyembamba, nikavipaka siagi, nikampa na chai ya rangi. Alikula kimoja, akanyamaza. Cha pili alikifunga kwenye leso, akasema anampelekea shoga yake wa nyumba ya tatu aonje. Shoga yake hakukiona. Baadaye mama alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika 6 akiulizia kipimo cha mililita 300 ni vikombe vingapi. Ni kikombe kimoja na robo, cha kile kikombe cha plastiki cha kupimia; kikombe cha chai cha bati usikitumie, kila kimoja kina ujazo wake.

Unakaa wiki nzima ukiufunga vizuri. Kwenye joto la pwani mimi sizidishi siku 4 nje, uliobaki nautia friji. Ukianza kukauka pembeni, usiutupe. Kipande kichome kwenye tosta au juu ya kikaango kikavu, kwa moto mdogo maana sukari yake inaungua upesi, kisha siagi ikiwa bado cha moto, uiangalie ikizama.