Usimwambie kitu, nenda

*Shangazi, shikamoo. Naandika kwa ajili ya dada yangu anayeishi Mbagala. Mwanawe wa kwanza, wa kiume, ana miaka 11, na ametushinda. Akikasirika anavunja vyombo, anampiga mdogo wake, anajigonga kichwa ukutani. Saa nyingine anaganda tu, macho yametoka, ukimwita haitiki, halafu anaendelea kama hakuna kilichotokea. Alipokuwa na miaka 4 alilazwa kwa malaria kali na degedege, siku mbili hajitambui. Shuleni wamesema akae nyumbani "mpaka atulie". Shemeji ni dereva wa malori; akirudi anasema dada amemdekeza mtoto. Mama mkwe anataka apelekwe kwa mganga. Kwenye sendofu ya binti wa mjomba dada aliambiwa aje peke yake, hakuja kabisa. Genge lake kafunga. Juzi akaniambia, "Natamani nilale nisiamke." Nimemshauri kila ninachojua, sasa hata simu zangu hapokei. Nimwambie nini?*
*Mdogo Mtu, Tabata*

Marahaba, mwanangu.

Usimwambie kitu. Panda daladala uende, na uende leo, kwa sababu ya ile sentensi uliyoiweka mwishoni kama vile ni jambo la kupita. Mtu akisema anatamani alale asiamke, huenda ni uchovu, huenda ni zaidi ya uchovu, na hakuna njia ya kujua ila kumuuliza. Mkae chini wawili, watoto wakiwa kwa jirani, umuulize kwa Kiswahili cha wazi: "Dada, umefikiria kujiua?" Wengi tunaogopa kuuliza tukidhani tutampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Haiko hivyo. Mwenye wazo hilo mara nyingi hupata nafuu akipata wa kumwambia, na asiye nalo atakujibu hapana, utakuwa umemchokoza bure na atakusamehe. Akisema ndiyo, au akinyamaza huku machozi yanamtoka, usimwache peke yake usiku huo. Sumu ya panya na vidonge vitoke mle ndani, kisha mfuatane hospitali siku hiyo hiyo. Temeke si mbali na Mbagala. Asipelekwe kesho, wala "akimaliza kufua".

Nimeanza na dada yako kwa makusudi. Katika barua nzima kila mtu ana neno kuhusu mtoto: mwalimu, shemeji, mama mkwe, mjomba. Hakuna hata mmoja aliyeuliza huyu mama analala saa ngapi.

Nami niliwahi kuwa kama nyie. Miaka ya nyuma nilikuwa na jirani ambaye binti yake alikuwa akipiga kelele usiku na kurarua nguo. Mimi, kwa mdomo wangu huu, kila tukikutana bombani nilikuwa na dawa mpya: mpunguzie sukari, mbadilishie shule, mpeleke kwenye maombi, jaribu kuwa mkali. Mwisho akawa anapita njia ya nyuma ili tusikutane. Tulipokuja kuzungumza, watoto wameshakuwa wakubwa, aliniambia bila hasira kwamba aliyemsaidia mwaka ule ni msichana aliyekuwa akiuza duka la mkaa. Jioni alikuwa akija kukaa na binti nusu saa ili mama mtu aoge. Basi. Kuoga tu. Ushauri wangu wote hakuukumbuka hata mmoja, nami sikuthubutu kumkumbusha.

Ndiyo maana simu zako hapokei. Si kwamba kakuchukia. Akiona jina lako anajua kuna neno linakuja, na amechoka na maneno. Tena lugha yetu ina mawe ya kumrushia mama wa namna hii. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Methali nzuri sana hizo, mpaka siku unapoambiwa ukiwa umeshika kitambaa chenye damu ya mwanao aliyejigonga ukutani.

Sasa mtoto. Umeandika mambo mawili mbalimbali, mimi nikayasoma pamoja: degedege la miaka 4, na kule kuganda. Malaria ikipanda kichwani huweza kuacha alama kwenye ubongo. Kwa baadhi ya watoto alama hiyo hujitokeza baadaye kama kifafa, kusahau masomo, au tabia iliyobadilika. Watafiti wa Kilifi kule Kenya, na wenzao wa Uganda, wamewafuatilia watoto wa aina hii kwa miaka mingi. Na kifafa si lazima mtu aanguke na kutoa povu. Kuna kifafa cha kukodoa macho sekunde chache na kurudi, mtu wa pembeni akadhani mtoto ana dharau. Sisemi ndicho alichonacho, mimi si daktari na sijamwona. Nasema hilo la kuganda lifike kwa daktari, pamoja na historia ya ile malaria, kwa sababu wazazi wakifika pale huanza na vyombo vilivyovunjwa na hili wakalisahau. Na kama aliwahi kuandikiwa dawa ya degedege, itajwe. Fenobabito, kwa mfano, huwafanya baadhi ya watoto wawe na fujo na wasitulie. Daktari anaweza kuibadilisha. Lakini asiachishwe dawa nyumbani kwa ghafla, hapo ndipo degedege hurudi kwa kishindo.

Hapa ndipo kazi yako ya kwanza ilipo. Nunua kaunta buku, muwe mnaandika kila tukio: siku, saa, alikuwa anafanya nini kabla, alilala vipi, alikula, ilichukua dakika ngapi, ilitulia vipi. Akiganda, mwenye simu arekodi. Baada ya wiki mbili tatu huenda mkaona kitu, kwamba ni njaa ya saa tano, au ni kelele za spika za jirani, au hakuna mpangilio wowote, na hilo nalo ni jibu. Daktari akipewa daftari lile hafanani na daktari anayeambiwa "anasumbua sana". Hospitali ya mkoa wataanza, wakiona inafaa watampa rufaa kwenda Muhimbili, kwenye afya ya akili au mishipa ya fahamu. Foleni ni ndefu, mtoto huyu hawezi foleni. Kwa hiyo mwende wawili: mmoja anatembea naye nje chini ya miti, mwingine analinda namba. Ukiingia kwa daktari, wewe ndiye uandike anachosema. Mama aliyekosa usingizi miezi sita akitoka mle ndani hakumbuki hata nusu.

Kuhusu mama mkwe, usigombane naye. Akitaka dua, asome dua, hata mimi namwombea mtoto huyu. Mpaka ni hapa: asifungwe kamba, asichanjwe, asifukizwe moshi, asishindishwe njaa, asikatizwe dawa. Hilo mwambieni kwa heshima, na afadhali aliseme mwanawe.

Shemeji naye nisimpige mawe. Baba anayerudi mara mbili kwa mwezi anakuta vita asiyoiona ikianza, anasema la kwanza linalomjia. Siku akiwepo, mwachieni mtoto kutwa nzima, dada atoke. Si kwa kumkomoa. Mpeni na kaunta buku lile aandike yeye. Nina hakika jioni neno "umemdekeza" litakuwa limepungua ukali.

Shule: "akae nyumbani mpaka atulie" si barua. Mwende kwa mwalimu mkuu na cheti cha daktari mkishakipata, muulize kwa upole uamuzi huo umeandikwa wapi. Likikwama, yuko afisa elimu kata, na kuna afisa ustawi wa jamii kwenye halmashauri, ambaye kazi yake ni pamoja na watoto kama huyu. Ipo pia namba 116, simu ya watoto, haina malipo. Hata mzazi anaweza kuipiga.

Narudi kwako. Chagua siku moja ya wiki, tuseme Jumamosi, saa nne hadi saa nane, iwe yako, mvua au jua. Afadhali saa hizo nne tu kila wiki kwa mwaka mzima kuliko wiki moja ya kujitoa kisha ukapotea, kwa sababu mtoto huyu naye anahesabu nani anarudi. Mara za kwanza kaa naye palepale kwao, usimtoe. Muulize dada kitu gani kinamtuliza, maana anajua, ila hajaulizwa. Huenda ni kufungua redio mbovu na bisibisi, huenda ni maji kwenye beseni. Akilipuka, ondoa mdogo wake na vyombo, punguza sauti, kaa chini. Usimhubirie akiwa katikati ya moto.

Dada akitumia saa hizo kulala, mwache alale, usimwamshe kumwonyesha ulivyoosha sufuria. Na usiulize "nije na nini?", atakujibu hakuna. Beba wali na maharage yaliyokwisha kuiva, kwenye hotpoti, na hotpoti usiidai.