Boxer 100 au 150? Pima Pikipiki Ikiwa na Mzigo

Mtu anayetaka kununua pikipiki hapa Kigoma kwa kawaida huuliza swali moja tu: ipi ina nguvu zaidi? Swali hilo halitoshi, kwa sababu nguvu inayotajwa dukani ni ya injini peke yake, wakati mnunuzi ataendesha injini pamoja na chasisi, mwili wake, abiria wake na mzigo wake, katika mkoa ambao barabara zake huanzia ukingoni mwa ziwa na kupanda milimani. Katika biashara yangu ya mawese nimetumia Boxer za aina mbili, ile ya CC 100 na ile ya CC 150, na zote bado zipo nyumbani zinafanya kazi. Ninamwandikia yule ambaye ameshatenga fedha lakini hajaamua.

Zote mbili ni pikipiki wazi, zisizo na maplastiki ya kufunika injini kama zile za michezo. Injini inaonekana yote, na inapozwa na upepo unaoipiga wakati wa mwendo. Jambo hili nitalirudia nikifika kwenye milima, maana lina uzito wake.

Kwa takwimu za kiwandani, injini ya BM 100, yaani ile ndogo, ina ujazo wa CC 99.27 na hutoa kiasi cha nguvu za farasi 8, na ile ya BM 150, yaani kubwa, ina CC 144.8 na hutoa 12. Toki, yaani nguvu ya kuzungusha ambayo ndiyo inayoling'oa gurudumu unapoanza kuondoka, nayo hutofautiana hivyo hivyo: takriban newton-mita 8 kwa 12. Uzito hautofautiani kwa kiwango hicho; ile kubwa huizidi ndogo kwa kilo kumi na kitu tu, na zikiegeshwa pamoja huwezi kuutambua uzito huo kwa macho. Anayesoma tarakimu hizo kwa haraka atasema hakuna cha kufikiri, chukua kubwa.

Hebu tupige hesabu nyingine. Tuseme ndogo ina kilo 110 na kubwa kilo 122, na dereva ana kilo 70. Dereva akiwa peke yake juu ya ile ndogo, kila nguvu moja ya farasi inabeba kilo 22 na nusu. Sasa mpakie abiria wa kilo 70, na nyuma kwenye keria ufunge dumu moja la mawese la lita 20, ambalo ni kilo 18 hivi kwa kuwa mawese ni mepesi kuliko maji. Kwenye ile ndogo, kila nguvu ya farasi sasa ina kilo 33 na nusu za kuvuta. Kwenye ile kubwa, mzigo huo huo unafanya kilo 23 na kidogo. Maana yake ni kwamba CC 100 yenye mtu mmoja na CC 150 yenye abiria na dumu zinapanda mlima kwa uwezo unaokaribiana sana. Kwa hiyo mtu anayekwenda kazini peke yake na kurudi, tena mjini, anaponunua ile kubwa kwa hofu kwamba ndogo haitapanda, ananunua nguvu ambayo hataitumia. Na mtu anayebeba kila siku akanunua ndogo kwa sababu bei yake ni nafuu, ataidai injini kila siku kitu ambacho haina.

Mazingira yetu yanaongeza jambo jingine. Ziwa Tanganyika lenyewe liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata ukiwa Ujiji, injini ya kabureta imeshapoteza sehemu ya nguvu iliyoandikwa, kwa kuwa hewa huwa nyepesi kadiri unavyopanda. Kwa makadirio, injini hupoteza asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Pikipiki zote mbili hupungukiwa kwa asilimia ile ile, lakini aliyekuwa na 8 hubaki na kidogo kuliko aliyekuwa na 12, na hicho kidogo ndicho anachopandia mlima.

Ukitoka Mwandiga kuelekea Kalinzi na Manyovu, barabara ni ya lami na inashawishi kukimbia, ila miinuko yake haina huruma na injini ndogo iliyopakiwa. Gia ya nne inaishiwa mapema. Unashuka ya tatu, mlio unazidi kuwa mzito, kisha unalazimika kushika ya pili na kubaki nayo huku mkono umevuta mafuta karibu yote, mwendo ukiwa mdogo na joto la injini likisikika kwenye mguu kupitia suruali. Hapo ndipo ule upoaji wa upepo nilioutaja unapokuwa na maana: injini inachoma mafuta mengi kuliko wakati wowote, na upepo wa kuipoza ni mdogo kuliko wakati wowote. Safari moja ya namna hiyo haina madhara makubwa. Lakini injini inayofanyishwa hivyo kila siku ya soko hula oili, na kwa kuwa injini hizi huchukua takriban lita moja tu, upungufu mdogo ni sehemu kubwa ya oili yote iliyomo. Nawasihi sana wenye CC 100 wanaopandisha mizigo wachungulie kiwango cha oili kila asubuhi kabla ya kupiga kiki, wasisubiri siku ya sevisi.

CC 150 kwenye mlima huo huo hupanda kwa gia ya tatu bila kulalamika, na jambo ninalolipenda zaidi si mwendo bali ni pale unaposimama katikati ya mwinuko kupisha lori kisha ukataka kuondoka tena. Ile ndogo hukulazimisha kushikilia klachi nusu nusu huku injini ikiunguruma, na pleti za klachi ndizo zinazolipa gharama. Ile kubwa huachia na kwenda.

Wapo mafundi watakaokushauri ununue ndogo na kubadilisha sproketi ya nyuma iwe yenye meno mengi. Ushauri huo una ukweli, na mimi nimeutumia. Ukitoka meno 42 kwenda 45, mvuto kwenye gurudumu huongezeka kwa asilimia 7 hivi, na mwendo kwa mzunguko ule ule wa injini hupungua kwa asilimia kama hiyo. Hata hivyo sproketi haiongezi nguvu; inaigawa tu kwa namna nyingine, na ukiteremka kurudi Mwandiga au ukishika tambarare utaona injini inazunguka sana kwa mwendo mdogo. Kwa anayebeba mara chache sproketi inatosha. Kwa anayebeba kila siku, bora anunue injini.

Hadi hapa inaonekana kama naipigia debe ile kubwa. Sivyo, kwa sababu uzito wa pikipiki huujui ukiwa unaendesha. Unaujua ukiwa umeshuka. Vijiji vingi vya mwambao wa ziwa hufikika kwa urahisi zaidi kwa boti, na pikipiki hupakiwa kwa mikono, watu wamesimama ndani ya maji, mmoja ameshika usukani, wengine wameshika keria na uma wa mbele, na boti yenyewe haitulii. Kilo kumi na kitu ambazo dukani hazikuonekana, hapo kila mmoja anazihisi mgongoni. Petroli nayo ni mzigo: lita 10 ni zaidi ya kilo 7, kwa hiyo anayejua kwamba kesho anavuka asijaze tangi leo. Masika nako, kwenye njia za udongo mwekundu zinazoingia mashamba ya michikichi, tope hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na unabaki kuisukuma au kuibeba upande mmoja baada ya mwingine. Kwa kazi ya namna hiyo mdogo wangu, ambaye si mtu wa mwili mkubwa, huchukua ile ya CC 100 bila kujadiliana na mtu, nami naona yuko sahihi. Wenzetu wa Tabora, ambao nchi yao ni tambarare na njia nyingi za kuingia vijijini ni mchanga, wana sababu kubwa zaidi ya kupenda nyepesi kuliko sisi wa milimani.

Kuhusu mafuta, ndogo inakula kidogo, na jambo hilo si dogo katika mkoa ulio mbali na bandari ya Dar es Salaam, nasi kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunasubiri kwa wasiwasi bei mpya za EWURA, mamlaka inayotangaza bei za mafuta. Ila ujue kwamba nafuu hiyo hupungua sana ile ndogo inapopandishwa milima ikiwa na mzigo kwa gia ya pili. Leseni pia iangalie mapema: daraja A1 ni la pikipiki zisizozidi CC 125, na ya CC 150 inahitaji daraja A. Na breki za Boxer hizi ni za ngoma. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kushika breki huongezeka takriban mara nne, kwa hiyo anayenunua nguvu zaidi kwa ajili ya kupanda asiitumie kuteremkia.

Kabla ya kulipa, nenda kijiweni ukakodi kwa nusu siku pikipiki ya kila aina kutoka kwa dereva unayemwamini, uifunge mzigo wako halisi, na uende nayo njia yako halisi. Simama makusudi kwenye mwinuko mkali kuliko yote unaopita, uondoke tena, na usikilize klachi. Kisha zima injini, isukume hatua kadhaa kwenye mchanga au tope, na uipandishe kwenye stendi kubwa ukiwa peke yako, tangi likiwa limejaa. Ikikushinda mlimani, ongeza CC. Ikikushinda mikononi, punguza. Zikikufaa zote mbili, chukua ndogo, na fedha itakayobaki ununue kofia ngumu mbili nzuri, yako na ya abiria.